Faili Ikikosekana, Mlaumu Aliyeandika Programu

Najua nimekuwa kimya hapa kwa zaidi ya mwezi. Kazi zilikuwa nyingi, na mojawapo ilikuwa ya aibu, kwa hivyo sikuwa na hamu ya kuandika chochote. Leo naandika kuhusu hiyo ya aibu.

Nilimwandikia mama mmoja mwenye duka la agroveti mjini Kajiado programu ndogo ya kuweka stoki na madeni. Madeni ndiyo roho ya duka lile. Mfugaji huchukua dawa ya kupe, dawa ya minyoo au chumvi ya ng'ombe, kisha hulipa akishauza mnyama. Kwa miaka mingi mama aliandika madeni kwenye daftari. Baadaye mwanawe akamfungulia jedwali la Excel, daftari likawekwa kando. Nami nikaja na maneno matamu kwamba programu yangu itayashinda yote mawili.

Niliijenga hapa Kitengela. Nikaijaribu kwenye kompyuta yangu, ikaenda kama maji. Nikaiweka kwenye flashi na kumpa mtu wa matatu aifikishe. Kutoka hapa hadi Kajiado ni kama kilomita 50 hivi ukifuata barabara ya Namanga. Ningeweza kwenda mwenyewe, lakini siku hiyo nilikuwa na kazi nyingine. Saa nne asubuhi simu ikalia.

"Kijana wangu, hii kitu yako imekataa. Inasema kuna kitu haiko."

"Nisomee mama, inasema nini hasa?"

"V, C, runtime, mia moja arobaini, nukta, d, l, l."

"Ah, hiyo ni kitu kidogo mama. Itoe, halafu uisakinishe tena."

Kwa nini nilimjibu hivyo? Kwa sababu ndivyo Windows yenyewe inavyosema. Kidirisha kinakuja, kinataja faili isiyopatikana, kisha kinashauri kwamba kuisakinisha programu upya huenda kukatatua tatizo. Ushauri huo unafaa tu ikiwa kisakinishi kilikuwa na faili hiyo. Changu hakikuwa nayo. Mama angeweza kurudia hadi jioni asipate kitu. Alirudia mara tatu, akanipigia tena, na mimi nilikuwa kwenye mkutano na simu nimeizima.

Basi akaenda kwa kijana wa saiba hapo jirani. Kijana alifanya kile ambacho vijana wengi wa saiba hufanya, na ambacho mimi mwenyewe nilikifanya nilipokuwa najifunza. Aliandika jina la faili kwenye Google, akafungua tovuti inayogawa faili za DLL moja moja, akaipakua na kuitia kwenye folda ya System32. Ujumbe ukabadilika. Sasa programu ilisema haiwezi kuanza vizuri, kosa 0xc000007b. Akaona hiyo ni hatua mbele. Tovuti ile ile ilikuwa na kitufe kikubwa cha kijani cha programu ya "kurekebisha DLL zote kwa mpigo". Akakibonyeza.

Siku mbili baadaye faili zote za duka zilikuwa zimebadilika majina, na kwenye skrini kuna barua ya kudai pesa. Jedwali la Excel lilikwenda. Nakala yake ilikuwa kwenye flashi, na flashi ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta ile ile, kwa hivyo nayo ilikwenda. Kilichobaki ni daftari, ambalo lilikuwa na madeni ya zamani tu. Ya miezi iliyofuata hayakuwa popote ila vichwani mwa wadeni.

Nimesikia watu wakimlaumu kijana wa saiba. Wengine wanamlaumu mama kwa kukosa antivairasi nzuri. Mimi nasema wa kulaumiwa ni mimi, na nitaeleza kwa nini, maana naona kosa langu ni la waandishi wengi wa programu hapa kwetu.

Tuanze na faili yenyewe. DLL ni maktaba ya msimbo. Badala ya kila programu kubeba msimbo wake wa kuhesabu, kuandika maneno na kufungua faili, msimbo huo huwekwa pamoja mahali pamoja na programu nyingi huuazima. Mfikirie fundi wa mjengo anayekuja na mwiko wake tu, akijua ngazi na toroli atazikuta saiti. Huo ni mpango mzuri. Kitengela nzima inajengwa hivyo. Lakini siku akitumwa kwenye ploti tupu bila kuambiwa kwamba hakuna ngazi, atasimama pale akitazama ukuta. Hajasahau kazi. Aliyemtuma ndiye hakuuliza.

Sasa kwa nini programu ilienda kwangu ikakataa Kajiado? Kwa sababu kompyuta ya mwandishi wa programu si ploti tupu. Nilipoweka Visual Studio, ilileta maktaba za Visual C++ pamoja nayo. VCRUNTIME140.dll iko kwangu tangu siku ya kwanza, na sikuwahi kuiona kwa sababu haikuwahi kukosekana. Kompyuta ya mama ilikuwa na Windows 10 (mfumo ambao msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na bado maduka mengi yanautumia) na programu chache tu za ofisi. Hakuna aliyewahi kuileta maktaba ile. Hakuna kilichofutika wala kuharibika. Neno "haipo" linamfanya mtu adhani kompyuta yake imepoteza kitu, kumbe haikuwahi kukipata.

Hapo ndipo kosa la pili linapozaliwa. Windows inataja jina la faili, lakini haitaji jina la kifurushi ambacho faili hiyo hukaa ndani yake. Mtu wa kawaida atatafuta kile alichotajiwa. Utafutaji wa jina la faili ukimpeleka kwenye tovuti za faili moja moja, atajuaje kwamba alipaswa kutafuta kitu kinachoitwa Visual C++ Redistributable?

Nimeulizwa: ubaya wa faili moja uko wapi, si ni faili ile ile? Ubaya ni wa namna tatu.

Kwanza, hujui nani ameigusa. DLL si picha wala barua. Ni programu, na ikishaitwa inafanya kazi kwa uwezo wote wa programu iliyoiita. Ukiipa programu ya madeni DLL ya mtu usiyemjua, umempa huyo mtu kiti ndani ya duka.

Pili, kuna biti. Windows za biti 64 zina folda mbili, na majina yake yamewapoteza watu wazima wenye digrii. System32 ndimo hukaa faili za biti 64. SysWOW64 ndimo hukaa faili za biti 32. Naam, ni kinyume cha unavyodhani! Majina hayo yalibakizwa ili programu za zamani zisivunjike. Kijana alichukua faili ya biti 32 akaitia kwenye System32, programu yangu ya biti 64 ikaifungua, na ndipo likaja 0xc000007b, yaani faili si ya umbo linalotakiwa.

Tatu, faili hizi huja kwa familia. Ukiipata VCRUNTIME140.dll, utaulizwa MSVCP140.dll, kisha VCRUNTIME140_1.dll. Ukichanganya matoleo tofauti unapata programu inayofunguka leo na kuanguka kesho, na hapo hata mimi niliyeiandika sitajua pa kuanzia.

Kwa hivyo njia iliyo sawa ni kuuliza faili ni ya familia gani, kisha kuchukua familia nzima kutoka kwa mwenyewe. Hizi ndizo ninazokutana nazo mara nyingi. Ziandikeni mahali.

VCRUNTIME140.dll na MSVCP140.dll: ni za Visual C++. Kifurushi ni kimoja kwa matoleo ya 2015, 2017, 2019 na 2022, na kinapatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft.

MSVCR100.dll ni ya Visual C++ 2010, MSVCR110.dll ni ya 2012, na MSVCR120.dll ni ya 2013. Hizi hazichangamani. Kila mwaka una kifurushi chake, na kuweka cha 2022 hakuleti cha 2010.

Faili zinazoanza na api-ms-win-crt: kwenye Windows 10 na 11 zimo tayari. Kwenye Windows 7 na 8.1 huja na sasisho linaloitwa KB2999226.

d3dx9_43.dll: ni ya DirectX, kifurushi cha Juni 2010. Wenye michezo ya zamani mnaijua.

MSCOMCTL.OCX na wenzake: programu imeandikwa kwa Visual Basic 6, lugha iliyotoka mwaka 1998. Kuna programu za karo za shule bado zinatembea nayo.

Kompyuta ikiwa ya biti 64, weka vifurushi vyote viwili, cha x86 na cha x64. Programu ya biti 32 inahitaji maktaba ya biti 32 hata kama Windows ni ya biti 64.

Kuna hali nyingine ambapo faili iliyokosekana ni ya Windows yenyewe. Stima inapotea katikati ya sasisho, diski inaanza kuzeeka, au antivairasi imefungia faili nzuri ikidhani ni mbaya. Kabla ya jambo lolote, tazama orodha ya vitu ambavyo antivairasi imeviweka karantini. Kisha fungua dirisha jeusi la amri kama msimamizi na uandike, moja baada ya nyingine:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Ya kwanza hukarabati ghala ambamo Windows huweka nakala za faili zake, na ya pili huchukua faili nzuri kutoka ghala hilo na kurudisha mahali pake. Ndiyo maana huanza DISM. Angalieni tu kwamba DISM huenda ikapakua kutoka kwa Microsoft, kwa hivyo bando iwe ya kutosha.

Na programu ikidai .NET Framework 3.5 nawe huna intaneti, usihangaike. Iko ndani ya diski au flashi ya kusakinishia Windows, mradi iwe ya toleo sawa na Windows uliyo nayo. Ikiwa flashi ni D, andika:

DISM /Online /Enable-Feature /FeatureName:NetFx3 /All /Source:D:\sources\sxs /LimitAccess

Dakika chache, na hutumii hata shilingi ya bando.

Nikitaja bando nagusa kidonda. Kifurushi cha Visual C++ cha biti 64 ni kama megabaiti 25. Faili moja ya VCRUNTIME140.dll ni kama kilobaiti 100. Mtu anayenunua bando ya siku akitumia simu kama modemu ataona hesabu iko wazi, achukue ile ndogo. Simwiti mjinga. Kijana wa saiba naye ana mteja amesimama nyuma yake anayetaka kuwasilisha ritani za KRA kabla ya Juni 30, hana muda wa kusoma habari za familia za DLL. Watu hawa wanafanya uamuzi wa busara kwa habari waliyopewa. Habari yenyewe ndiyo mbovu, na gharama ya megabaiti 25 imesukumwa kwao na mtu ambaye angeweza kuilipa mara moja tu kwa niaba ya wote. Mtu huyo ni mwandishi wa programu.

Kuna na hili la Windows "nyepesi" zinazouzwa kwenye flashi mitaani, zilizopunguzwa ili ziende haraka kwenye mashine nzee. Aliyezipunguza alitoa vitu alivyoona havina kazi, na siku programu yako ikivihitaji utapata ujumbe ule ule. Hizo hazikaratabiki vizuri kwa amri nilizotaja, kwa sababu hata ghala limetolewa vitu. Ukikuta mashine ya hivyo, ushauri wangu ni kuweka Windows kamili, hata kama itakwenda polepole kidogo.

Sasa nirudi kwetu sisi tunaoandika. Tuna msemo wetu wa kujitetea: "kwangu inafanya kazi." Nimeusema mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Ninadai tuuache. Programu haijakamilika mpaka imefunguka kwenye mashine ambayo haijawahi kukuona. Na hii haihitaji pesa. Windows 10 Pro tangu toleo la 1903 la mwaka 2019 ina kitu kinaitwa Windows Sandbox, yaani Windows tupu ndani ya Windows yako, inayoanza upya kila ukiifungua. Weka kisakinishi chako humo. Kama ningefanya hivyo, kidirisha kile kingenitokea mimi hapa Kitengela wala si mama kule Kajiado. Ingenichukua dakika kumi.

Baada ya hapo, beba maktaba yako. Kisakinishi kilichotengenezwa kwa Inno Setup kinaweza kubeba kifurushi cha Visual C++ ndani yake na kukisakinisha kimya kimya kabla ya programu:

vc_redist.x64.exe /install /quiet /norestart

Mstari mmoja! Kisakinishi changu kitaongezeka megabaiti 25, na kwa kuwa kinasafiri kwa flashi ndani ya matatu, megabaiti hizo hazimgharimu mtu chochote. Njia nyingine ni kuziweka DLL zinazoruhusiwa kugawanywa ndani ya folda ya programu yenyewe, maana Windows huanza kutafuta hapo kabla ya kwenda System32. Ubaya wake ni kwamba Microsoft ikitoa marekebisho ya usalama, nakala iliyo kwenye folda yako haitaguswa. Wewe ndiye utakayepaswa kuileta mpya. Ndiyo maana napendelea kifurushi kizima.

Mwenzangu mmoja aliniambia niache haya yote na kuweka programu mtandaoni, mteja afungue kwa kivinjari tu. Kwa duka la hapa Kitengela lenye faiba, sawa. Lakini agroveti inayouza siku ya soko wakati mtandao unasuasua haiwezi kumwambia mfugaji asubiri. Na msidhani wa mtandaoni wameokoka. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kwenye ghala la npm kifurushi chake kidogo kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu ya msimbo, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa. Kampuni kubwa zenye wahandisi wa kila aina zilikaa zikitazama ujumbe wa kitu kisichopatikana, sawa kabisa na mama yangu wa Kajiado. Wale wa Linux nao msicheke. Wangapi kati yenu mmeambiwa libssl.so.1.1 haipo baada ya kuhamia Ubuntu 22.04, mkaenda kuokota faili ya .deb kwenye tovuti msiyoijua? Ugonjwa ni mmoja.

Jambo la mwisho ni lugha. Kisakinishi kinaweza kukagua kama maktaba ipo, na kama haipo kikaeleza kwa maneno ya mtu. Changu sasa kikikwama kinaandika hivi: "Programu hii inahitaji kifurushi cha Visual C++ cha Microsoft. Kiko kwenye flashi hii, folda ya VIFAA. Usipakue faili yoyote kutoka mtandaoni. Piga simu." Na namba yangu iko hapo chini. Hiyo namba ndiyo inayonilazimisha kuandika kisakinishi vizuri, maana sipendi kupigiwa simu saa nne asubuhi.

Mtauliza yaliishaje. Nilienda Kajiado mwenyewe, nikafuta diski yote na kuweka Windows upya. Fidia hatukulipa, kwa kuwa hakuna uhakika kwamba mwizi angerudisha chochote, na pesa yenyewe haikuwepo. Sikumlipisha mama kazi ile, na programu nilimrudishia pesa zake. Hakutaka kuzipokea zote. Kisha akachukua daftari jipya, na kila mfugaji aliyeingia alimuuliza, "Mzee, mimi nakudai ngapi?" Wengi walisema kweli. Wengine walisema kiasi kidogo kuliko alichokumbuka yeye, na hakuwa na karatasi ya kuwaonyesha. Nilikaa pale kwenye benchi nikisikiliza mazungumzo hayo mchana mzima, na sikupata neno la kumwambia.

Leo programu inafanya kazi. Nakala ya madeni inatolewa kila jioni kwenye flashi mbili, na moja huenda nyumbani ndani ya mkoba. Daftari nalo bado lipo, maana mama amekataa kuliacha. Nilipojaribu kumshawishi alinitazama tu, nami nikanyamaza. Kijana wa saiba nimempa flashi yenye vifurushi vyote nilivyovitaja hapo juu, x86 na x64, pamoja na orodha ya faili na familia zake. Ameibandika ukutani. Kama una rafiki mwenye saiba, mfanyie vivyo hivyo wiki hii.

Na wewe mwandishi mwenzangu, kabla ya kutuma kisakinishi chako popote, kifungue kwanza kwenye mashine tupu.

Wasalaam, tuonane wakati mwingine.